Elimu Isifungiwe Kabatini

Katika shule nyingi nchini hali ni moja. Kitabu ni kimoja, wanafunzi ni wengi. Mwalimu huandika ubaoni tangu kengele inapolia, watoto hunakili madaftarini, na kipindi hukwisha kabla somo lenyewe halijaanza kuelezwa. Akiwaza kudurufu kurasa chache ili kila dawati lipate nakala, huingiwa na hofu ya sheria asiyoijua. Akiwaza kuzifasiri kurasa hizo kwa Kiswahili, huambiwa aombe kibali kwa mwenye kitabu, na mwenye kitabu yuko London au New York.

Mambo haya huzungumzwa kana kwamba ni ukame au mafuriko, mambo yasiyo na mkono wa mtu. Sivyo. Uhaba wa vitabu una sababu nyingi: bei ya karatasi, ufinyu wa bajeti, umbali wa shule kutoka mjini. Lakini mojawapo ya sababu hizo ni sheria, na sheria hutungwa na watu. Leo tunapenda kuwaambia jambo moja watumishi wa umma na walimu, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kulitenda. Sheria za kimataifa zinazoifungia elimu zina milango. Baadhi ya milango hiyo ilipatikana kwa mapambano ya nchi changa zenyewe. Iliyo mingi bado imefungwa kwa sababu hakuna aliyeisukuma.

Tuanze na maana ya maneno. Sheria tunazozisema ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kitabu, wimbo, picha au ramani yake. Ya pili ni hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu alichokivumbua, kama vile dawa au mtambo, kwa muda maalumu. Hakimiliki inaongozwa na Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi katika mji huo wa Uswisi mwaka 1886. Kwa jinsi ulivyo sasa, mkataba huo unailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na huo ni muda wa chini kabisa, kwani Uingereza na Marekani zimeuongeza hadi miaka 70. Hataza nazo zinaongozwa na mapatano ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyotiwa sahihi Marrakesh, Moroko, mwaka 1994 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Mapatano hayo yanazitaka nchi wanachama zimlinde mvumbuzi kwa miaka isiyopungua 20.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatusemi haki hizo ni uovu. Mtunzi ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Anayeuza riwaya ya mwandishi wetu barabarani katika nakala za wizi, huku mwandishi mwenyewe akikosa hata nauli ya basi, ni mwizi, na astahili kuitwa hivyo. Mwalimu anayeagiza darasa zima lidurufu tamthilia ya Kiswahili inayouzwa dukani kwa bei ya chini, naye afikiri mara mbili. Maana anakata mti ambao kesho atautafutia kivuli. Taifa lisilowalinda watunzi wake litabaki likisoma maneno ya wengine siku zote.

Lakini haki ya mtunzi ya kuishi kwa jasho lake ni jambo moja, na uwezo wa kampuni kuiuza elimu kwa bei isiyofikiwa na walimwengu walio wengi ni jambo jingine. Makala ya sayansi huandikwa na wanachuo ambao, aghalabu, hawalipwi hata senti moja na jarida linaloichapisha. Jarida hilo hilo huuzwa kwa vyuo kwa fedha nyingi mno. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard, kilicho miongoni mwa vyuo vyenye utajiri mkubwa kabisa duniani, kilitangaza kwamba gharama ya majarida, iliyofikia karibu dola 3,750,000 kwa mwaka, imekuwa mzigo kisichoweza kuendelea kuubeba. Ikiwa tajiri analalamika, maskini aseme nini?

Wakubwa hupenda kutuambia kwamba hakuna maendeleo bila ulinzi mkali wa haki hizi. Historia yao wenyewe inasema vingine. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Marekani, ya mwaka 1790, iliwalinda raia na wakazi wa nchi hiyo tu. Kwa muda wa miaka 101, mpaka mwaka 1891, vitabu vya Waingereza vilichapishwa upya Marekani bila ya kibali, vikauzwa kwa bei rahisi, na Wamarekani wakajisomea. Charles Dickens alipozuru nchi hiyo mwaka 1842 alilalamika hadharani, wala hakusikilizwa. Marekani haikuingia katika Mkataba wa Berne mpaka mwaka 1989, yaani miaka 103 tangu mkataba huo utiwe sahihi.

Katika hataza mambo yalikuwa hivyo hivyo. Uholanzi iliifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869, na ikakaa bila sheria hiyo mpaka ilipotunga nyingine mwaka 1910. Katika kipindi hicho, mwaka 1891, ndipo kampuni ya Philips ilipoanzishwa mjini Eindhoven na kuanza kutengeneza taa za umeme, pasipo hataza ya mtu yeyote kuizuia nchini humo. Uswisi, nchi maarufu kwa dawa, ilianza kutoa hataza za dawa zenyewe mwaka 1977, na Italia mwaka 1978. Wote hao walijifunza kwanza kwa kuiga, wakashiba, kisha wakatunga sheria ya kukataza kuiga. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu, nacho ni vitabu na lugha.

Mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Katika kuzifasiri kazi hizo hakuhitaji kibali cha mtu, maana Shakespeare alikufa mwaka 1616 na maandishi yake ni mali ya walimwengu wote. Lakini hebu mwalimu wa leo ajaribu kukifasiri kitabu cha ukunga, cha umeme au cha magonjwa ya mimea kilichochapishwa miaka 10 iliyopita. Atakuta mlango umefungwa. Mwandishi akifa leo, kwa kipimo cha Berne kitabu chake kitakuwa huru baada ya miaka 50, wakati ambapo maarifa yaliyomo yatakuwa yamekwisha chakaa. Kwa hiyo tunaruhusiwa kuyafasiri bila kibali maneno ya waliokufa zamani, ila maarifa ya walio hai hatuyagusi bila ruhusa. Shakespeare ni tunu, lakini hamsaidii muuguzi katika zahanati ya kijijini saa nane za usiku.

Nchi changa ziliuona ubaya huu mapema. Mwaka 1963 wajumbe wa Afrika walikutana Brazzaville kujadili sheria ya hakimiliki inayolifaa bara hili. Mwaka 1967, katika mkutano wa Stockholm wa kuurekebisha Mkataba wa Berne, nchi changa, India ikiwa mstari wa mbele, zilifaulu kupitisha Itifaki iliyozipa nafasi pana ya kufasiri na kuchapisha vitabu kwa ajili ya kufundishia. Wachapishaji wa Uingereza waliipinga kwa nguvu zao zote, na mataifa makubwa yenye vitabu yakakataa kuikubali. Itifaki hiyo haikufika popote. Mwaka 1971 pande zote zilirudi mezani mjini Paris, na badala ya Itifaki ile ikatungwa Nyongeza ya Mkataba wa Berne kwa ajili ya nchi zinazoendelea.

Nyongeza hiyo ingalipo mpaka leo, na kila mtumishi anayehusika na elimu yafaa aijue. Inaruhusu mamlaka ya nchi inayoendelea kutoa leseni ya lazima, yaani leseni inayotolewa hata kama mwenye haki hakukubali. Leseni ya kufasiri hutolewa kwa ajili ya mafunzo na utafiti. Kwa lugha kama Kiingereza au Kifaransa, hapana budi ipite miaka 3 tangu kitabu kitoke. Lakini kwa lugha isiyotumika kwa kawaida katika nchi zilizoendelea, muda huo ni mwaka 1 tu, pamoja na miezi 9 ya kumpa mwenye haki nafasi ya kufanya tafsiri yake mwenyewe. Kiswahili ni lugha ya namna hiyo. Yaani kitabu cha ukunga kilichotoka Uingereza, kisipofasiriwa na mwenyewe, chaweza kisheria kuwa mikononi mwa wakunga wetu kwa Kiswahili bila ya kungoja miaka 50 baada ya mazishi ya mwandishi. Iko pia leseni ya kuchapisha upya kitabu kisichouzwa nchini kwa bei ya kawaida ya nchi: kwa vitabu vya sayansi na ufundi muda ni miaka 3, kwa vitabu vya fasihi na sanaa ni miaka 7, na kwa vingine ni miaka 5.

Mlango upo, ingawa ni mwembamba. Waliouweka walihakikisha kwamba mwenye mwili hapiti bila kuinama. Mwombaji lazima kwanza amwandikie mwenye haki na kukataliwa, au athibitishe kwamba alimtafuta asimpate. Lazima alipe fidia ya haki. Mwenye haki akitoa baadaye tafsiri yake kwa bei ya kawaida, leseni inakoma. Tena nakala zilizochapishwa kwa leseni hiyo haziruhusiwi kuuzwa nje ya nchi. Na hapo ndipo Kiswahili kinapoumia, kwani soko lake limevuka mipaka. Kitabu kilichopatikana Dar es Salaam kwa njia hii hakiwezi kupelekwa sokoni Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, ingawa msomaji wa huko anakielewa sawasawa na msomaji wa Morogoro. Mwisho, nchi inayotaka kuutumia mlango huu lazima ipeleke tamko Geneva, tamko linalotakiwa kufanywa upya kila baada ya miaka 10.

Masharti hayo ni mazito, na katika nusu karne iliyopita ni nchi chache mno zilizoyatumia kutoa vitabu. Lakini uzito wa masharti si hoja ya kutojaribu. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994 na kutunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999. Tulipoingia tulichukua wajibu wote wa mkataba huo, mmoja baada ya mwingine. Je, haki nazo tulizichukua? Suala la Nyongeza lina jalada katika masijala ipi? Mkuu wa idara gani amewahi kuliandikia dokezo? Nchi inayotekeleza wajibu wake kwa uaminifu na kuzisahau haki zake ni sawa na mtu anayelipa mchango wa chama cha ushirika kila mwezi bila kwenda kuchukua mbolea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno matupu, kwamba mataifa makubwa hayataruhusu. Kwa hao tunaleta mfano wa dawa, ambako watu walisimama na mlango ukafunguka.

Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Dawa zilikuwapo; wagonjwa wa Afrika walikufa kwa sababu ya bei, na bei ililindwa na hataza. India ilikuwa na sheria ya mwaka 1970 isiyotambua hataza juu ya dawa yenyewe, na kwa sababu hiyo viwanda vyake vilijifunza kutengeneza dawa za kila namna. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kutoa mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Wakati huo makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishitaki Serikali ya Afrika Kusini, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1998, kwa kutunga sheria ya kupunguza bei za dawa. Wagonjwa waliandamana, walimwengu wakapaza sauti, na Aprili 2001 makampuni yakaiondoa kesi. Kenya ikatunga sheria yake ya mali ya viwanda mwaka huo huo wa 2001. Novemba 2001, mjini Doha, nchi zote wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zikakiri katika Azimio lao kwamba mapatano ya hataza hayaizuii wala hayapaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Ushindi huo nao ulikuwa na miiba. Nchi isiyo na kiwanda cha dawa ilipewa mwaka 2003 utaratibu wa kuagiza dawa zilizotengenezwa kwa leseni ya lazima katika nchi nyingine. Jirani zetu wa Rwanda ndio waliojitokeza kwanza. Julai 2007 walilijulisha Shirika la Biashara kwamba wanahitaji pakiti 260,000 za dawa ya Ukimwi kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada. Makaratasi yalikwenda na kurudi, na shehena ya kwanza ikaondoka Septemba 2008, miaka 5 tangu utaratibu wenyewe uwekwe. Na ulipozuka ugonjwa wa korona, India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 hataza zisimamishwe kwa muda. Jibu lilipatikana Juni 2022, nalo lilihusu chanjo peke yake. Ni dhahiri basi kwamba utaratibu mwingi waweza kumzuia mtu sawasawa na katazo.

Hata hivyo, funzo la dawa liko wazi. Bei ilishuka kwa sababu mambo matatu yalikutana: sheria ya nchi iliyoandikwa kwa busara, watu wenye ujuzi wa kutengeneza, na wananchi waliokataa kunyamaza. Katika vitabu hatujayakutanisha mambo hayo matatu. Kitabu kinapokosekana mtoto hafi mara moja. Hukosa mtihani, hurudi shambani, na hakuna anayeandamana kwa ajili yake.

Tena tusidhani kwamba ushindi hupatikana katika dawa pekee. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walikishitaki kiduka cha kudurufu kilichokuwa katika eneo la Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe. Kosa lilikuwa nini? Kudurufu sura za vitabu mbalimbali na kuzifunga pamoja kwa ajili ya wanafunzi, kufuatana na mtaala. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi hiyo. Rufaa ilipokatwa, Desemba mwaka huo mahakama ilishikilia msimamo kwamba kudurufu kwa kadiri ya mahitaji ya mafunzo kunaruhusiwa, na mwaka 2017 wachapishaji wakajitoa. Majaji hawakuvunja mkataba wa mtu. Walisoma kifungu cha sheria ya India kinachomruhusu mwalimu na mwanafunzi kutoa nakala wakati wa mafunzo, wakakipa maana yake kamili. Na Mkataba wa Berne wenyewe, katika Kifungu cha 10, unaziruhusu nchi ziweke katika sheria zao matumizi ya kazi za watu kwa kielelezo cha kufundishia, mradi yawe ya haki. Kilichowaokoa wanafunzi wa Delhi ni sentensi moja iliyoandikwa vizuri na mtumishi wa umma asiyejulikana jina, miaka mingi kabla ya wao kufika chuoni.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo.

Kwanza, Wizara ya Elimu, Ofisi ya Hakimiliki, Taasisi ya Elimu na Baraza la Kiswahili wakae meza moja. Waorodheshe vitabu vya sayansi, uuguzi, kilimo na ufundi ambavyo nchi inavihitaji mno kwa Kiswahili. Wawaandikie wenye haki. Atakayekubali kwa masharti nafuu ashukuriwe. Atakayekataa au kunyamaza, taratibu za leseni ya lazima zianze dhidi yake. Hakuna haja ya kuanza na vitabu elfu. Kimoja kikifika mwisho wa safari, vingine vitajua njia.

Pili, vifungu vya matumizi huru katika sheria yetu vielezwe kwa walimu kwa lugha nyepesi, katika waraka mmoja usiozidi kurasa mbili. Mwalimu ajue nini anaruhusiwa kudurufu kwa ajili ya somo na nini haruhusiwi. Leo mwalimu mwoga anajinyima haki yake, na mfanyabiashara mjasiri anamwibia mtunzi. Hayo yote yanatokana na kutojua sheria. Na pale ambapo vifungu hivyo ni finyu, wanasheria wa Serikali wavipanue kadiri Mkataba unavyoruhusu.

Tatu, muda tuliopewa tuutumie. Nchi zenye maendeleo madogo kabisa, nasi tukiwamo, zimeruhusiwa kutotekeleza sehemu kubwa ya mapatano ya Marrakesh mpaka tarehe 1 Julai 2034. Na kuhusu hataza za dawa, mpaka tarehe 1 Januari 2033. Nchi itakayotoka katika kundi hilo kabla ya hapo, ruhusa yake inakoma siku hiyo. Ruhusa hii inafaa zaidi katika hataza, kwa kuwa katika hakimiliki tunafungwa na Berne. Ni nafasi ya kujenga viwanda vya dawa na kufundisha mafundi. Atakayeimaliza kwa semina atajuta.

Nne, wajumbe wetu katika mazungumzo ya biashara wawe macho. Yanayoshindikana katika mikutano ya dunia nzima hurudishwa kwa mlango wa nyuma katika mapatano ya nchi mbili. Moroko, ambayo mji wake ndio uliotiliwa sahihi mapatano ya 1994, ilitia sahihi mwaka 2004 mapatano ya biashara na Marekani yaliyoitaka izilinde kazi za watunzi kwa miaka 70 baada ya kufa, badala ya 50. Miaka 20 ya ziada haimfufui mtunzi. Humnufaisha mwenye kampuni tu. Kwa kipimo cha miaka 50, maandishi ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, yalikuwa huru tangu mwanzo wa mwaka 2013. Kwa kipimo cha miaka 70, mtoto wa Kitanzania angengoja mpaka mwaka 2033.

Tano, kilichoandikwa kwa fedha za wananchi kisomwe na wananchi. Ripoti, mihtasari, ramani na vitabu vya kiada vilivyotungwa na watumishi wa umma kwa mishahara ya umma visifungiwe kabatini wala visiuzwe kwa faida. Novemba 2019 UNESCO ilipitisha Pendekezo linalozihimiza nchi zitoe nyenzo za elimu kwa leseni huria, ili kila mtu aweze kuzitumia, kuzifasiri na kuziboresha. Hili halihitaji kibali kutoka London wala Geneva. Mwalimu mwenye maandalio mazuri ya miaka 20 anaweza kuanza kesho.

Kwamba mambo haya yanawezekana, tunao ushahidi katika mji ule ule wa Marrakesh. Juni 2013, miaka 19 baada ya mapatano ya biashara, ulipitishwa hapo mkataba mwingine, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu, vya maandishi makubwa au vya kusikilizwa kwa ajili ya wasioona, na nakala hizo zivuke mipaka pasipo kumwomba mwenye haki. Mkataba huo ulianza kazi tarehe 30 Septemba 2016, na Tanzania ikajiunga mwaka 2020. Wasioona wa dunia waliudai kwa miaka mingi, wakiambiwa kwamba haiwezekani. Waliendelea kudai. Sasa ni wajibu wa kila mwenye mtambo wa nukta nundu nchini kuhakikisha haki hiyo inageuka kurasa zinazoguswa na vidole vya mtoto.

Ndugu watumishi wa umma na walimu, mikataba hii imeandikwa kwa maneno magumu, na ugumu wenyewe ni ngome. Wengi wetu tukiona neno "hataza" au "leseni ya lazima" tunalipeleka jalada kwa mwanasheria, mwanasheria analipeleka wizara nyingine, na huko linalala. Wakati linapolala, mwalimu anaandika ubaoni, chaki inakwisha, kengele inalia. Watoto wale hawajui habari za Berne wala za Paris. Wanajua tu kwamba kitabu hakipo. Jalada hilo litolewe kabatini, lifutwe vumbi, na liwekwe juu ya meza ya mtu mwenye jina, mwenye tarehe ya kujibu.